Kuhesabu Gharama Kabla ya Kung'oa Nanga: Safari za Utafiti, Kaboni na Ziwa Nyasa

Moshi utokao katika magari, viwanda na mashamba yanayochomwa moto hauishii pale macho yetu yanapoacha kuuona. Ndani yake imo gesi iitwayo kaboni dayoksaidi, ambayo wengi tumezoea kuiita hewa ukaa. Sehemu ya gesi hiyo hubaki angani na kuongeza joto la dunia, sehemu nyingine hupokewa na misitu na udongo, na takriban robo yake huingia baharini. Hesabu hii ya robo haikupatikana kwa kukisia. Kwa miongo mingi watu wamepanda meli wakiwa na kamba, chupa na vipimo, wakateka maji kuanzia juu hadi vilindini, kituo kimoja baada ya kingine, na kuandika kwa uaminifu walichokiona. Hizo ndizo safari za utafiti.

Jimbo letu la Mbinga halipakani na bahari, lakini Mwenyezi Mungu ametujalia Ziwa Nyasa. Kuanzia Lituhi, kupitia Liuli, hadi Mbamba Bay na vijiji vya mpakani mwa Msumbiji, maelfu ya familia huishi kwa ziwa hili. Kazi ambayo bahari huifanya kwa dunia nzima, ziwa nalo huifanya kwa kipimo chake: hupokea kaboni, huitoa na huizika. Makala hii inakusudia kueleza jinsi safari ya kuchunguza jambo hilo inavyopangwa, na kwa nini mwamini wa kawaida, awe mvuvi wa Liuli au mkulima wa kahawa wa Litembo, anapaswa kujali.

Kaboni kati ya mlima, hewa na maji

Kaboni tunaifahamu hata pale tusipolitaja jina lake. Mkaa tunaopikia, kwa sehemu kubwa, ni kaboni. Mkulima wa Kimatengo anapofyeka majani, akayapanga kwa miraba mlimani na kuyafunika kwa udongo ili kupata mashimo ya ngoro, anaizika kaboni ardhini. Majani huoza taratibu, udongo hupata rutuba, na mvua haiubebi kirahisi kuupeleka bondeni. Babu zetu walifanya hivyo kwa vizazi vingi bila kulihitaji neno hili la kisayansi.

Makaa ya mawe yanayochimbwa Ngaka nayo ni kaboni iliyozikwa. Ni mabaki ya mimea iliyoishi zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, ikafunikwa katika ardhi yenye majimaji kabla haijaoza yote. Kazi ya Mungu ya kuumba ilihitaji muda mrefu mno kuihifadhi chini ya ardhi. Tanuri la kiwanda huirudisha angani kwa siku moja.

Maji hupokea kaboni kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuyeyuka: gesi iliyoko hewani huingia majini, na maji ya baridi huishika vizuri kuliko maji ya moto. Anayefungua soda iliyopoa na soda iliyokaa juani huiona tofauti hiyo mara moja. Njia ya pili ni uhai wenyewe. Karibu na uso wa maji huishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho, ambayo hutumia mwanga wa jua na hewa ukaa kujitengenezea chakula. Mimea hiyo huliwa na vijidudu vya majini, vijidudu huliwa na usipa, usipa huliwa na mbasa, na wote huishia katika sufuria zetu. Mabaki na kinyesi cha viumbe hao huzama polepole, na kaboni huzama pamoja navyo.

Hapo Ziwa Nyasa lina jambo la pekee. Kina chake hufikia takriban mita 700, na kuanzia mita 200 hadi 250 kwenda chini hakuna oksijeni. Huko hakuna samaki, wala minyoo ya kuchimbua tope. Kwa hiyo kinachofika chini hulala kama kilivyoanguka, tabaka juu ya tabaka: jembamba la rangi nyepesi kutoka majira ya upepo, ambayo mimea midogo huongezeka, na jingine jeusi kutoka majira ya mvua, ambayo mito huleta udongo. Anayesoma tope hilo hulisoma kama padre asomavyo rejista ya ubatizo ya parokia kongwe, mwaka hadi mwaka.

Hata hivyo ziwa halipokei tu. Mito huingiza mabaki ya mimea, nayo yakioza hutoa hewa ukaa inayorudi angani. Basi mwisho wa mwaka ziwa limepokea zaidi au limetoa zaidi? Mtu akisimama ufukweni Mbamba Bay na kutazama maji hawezi kujibu. Ni lazima atoke kwenda kupima.

Padre aliyeshusha sahani majini

Huenda mwamini akauliza: mambo haya yanalihusu Kanisa kwa namna gani? Yanalihusu tangu zamani. Mwezi Aprili 1865, Padre Angelo Secchi, Mjesuiti na mtaalamu wa nyota huko Roma, alipanda meli ya Papa Pius IX iliyoitwa kwa jina la Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Akiwa katika Bahari ya Kati pamoja na nahodha Alessandro Cialdi, alishusha sahani nyeupe majini kwa kamba, akatazama ni kwa kina gani ingetoweka machoni, na kuandika kipimo. Maji maangavu huonyesha sahani kwa kina kirefu. Maji yenye tope au mimea midogo mingi huificha mapema.

Hadi leo watafiti wa bahari na maziwa hushusha sahani ya namna hiyo, na duniani kote inaitwa sahani ya Secchi. Kuna vyombo vya gharama kubwa kuliko hicho, lakini hakijaachwa, kwa sababu kipimo cha mwaka jana kinaweza kulinganishwa na cha miaka mingi iliyopita. Padre Secchi hakuona mgongano kati ya kuadhimisha Misa Takatifu asubuhi na kupima maji mchana. Imani yake ilimfundisha kwamba viumbe vina utaratibu waliopewa na Muumba, na kwamba utaratibu huo unastahili kuchunguzwa kwa heshima na kwa subira.

Safari inavyopangwa

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu anatoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye kwanza huketi na kuhesabu gharama asije akaishia kwenye msingi na kuchekwa. Mfano huo unahusu kumfuata Kristo, lakini wapanga safari za utafiti wanaweza kuuelewa vizuri. Siku moja ya meli majini hugharimu mafuta, mishahara na chakula, iwe kazi imefanyika au haikufanyika. Ndiyo maana safari ya wiki mbili yaweza kuandaliwa kwa mwaka mzima au zaidi.

Jambo la kwanza ni swali. Kusema "tunakwenda kupima kaboni" hakutoshi. Swali jema lina mahali na wakati: je, katika majira ya upepo wa kusini, maji yaliyo kati ya Liuli na Mbamba Bay hupokea hewa ukaa kutoka angani, au huitoa? Swali la namna hiyo ndilo linaloamua vyombo, siku na watu watakaohitajika. Pasipo swali, meli hurudi na chupa nyingi na maarifa machache.

La pili ni majira. Kati ya Mei na Agosti huvuma upepo mkali wa kusini, ambao wengi kandokando ya ziwa huuita mwera. Upepo huo hupoza maji ya juu, huyachanganya na kupandisha virutubisho kutoka chini, ndipo mimea midogo hustawi na samaki kupata chakula. Wakati wa masika mito huleta udongo na mabaki ya mimea. Mtafiti atakayekuja Oktoba peke yake, ziwa likiwa shwari, atafanana na mgeni anayepita Mbinga mwezi huohuo, akaona mashamba makavu, na kwenda kusema kwamba huku hakuna mahindi. Lakini siku ambazo mwera hufanya kazi kubwa zaidi ndizo siku ambazo chombo kidogo hakipaswi kuwa majini. Kwa hiyo mpango hutenga siku za akiba, na vyombo vingine huachwa majini vikining'inia kwenye kamba yenye nanga na maboya, vikipima vyenyewe usiku na mchana. Kati ya 1987 na 1992 mitego yenye umbo la faneli iliwekwa katika ziwa hili kukusanya chembe zinazozama, na hivyo ikajulikana jinsi mvua hiyo ya chembe inavyobadilika kwa majira na kwa miaka.

La tatu ni vituo. Meli haizunguki ovyo. Huchorwa mstari, kwa mfano kutoka karibu na mdomo wa Mto Ruhuhu hadi kwenye kina kirefu, na juu ya mstari huo huwekwa vituo. Katika kila kituo hushushwa kifaa kinachopima joto, oksijeni na chumvi, pamoja na chupa zinazojifunga kwa kina kilichoamriwa. Kuteremsha na kupandisha vyombo penye kina cha mita 500 huchukua muda mrefu, hivyo idadi ya vituo huhesabiwa kwa saa na kwa lita za mafuta. Vituo hivyo hivyo hurudiwa safari nyingine, kwani pasipo kurudia hakuna kulinganisha.

La nne ni chombo chenyewe. Meli ya utafiti ya bahari haiwezi kufika Nyasa. Kila kitu huja kwa barabara au hutengenezwa hapa hapa. Mwaka 2005, wanasayansi walipotaka kutoboa tope la chini ya ziwa hili, iliwabidi wachukue tishari la kubebea mafuta liitwalo Viphya, walibadilishe, na kulifunga mtambo wa kutobolea pamoja na injini za kulishikilia mahali pamoja bila nanga. Mita 592 za maji zilikuwa chini yao.

La tano ni ruhusa. Kwa upande wetu, mtafiti huhitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, yaani COSTECH, ushirikiano na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, yenye kituo chake Kyela, na uhakika wa usalama wa chombo. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa hufuatiliwa kila siku. Tena ziwa ni la nchi tatu: Tanzania, Malawi na Msumbiji. Mpaka kati yetu na Malawi umebaki na utata unaotokana na mkataba wa Wajerumani na Waingereza wa 1890. Maji na samaki havijui mkataba huo, lakini nahodha hana budi kuujua, na barua za ruhusa zianze kuandikwa miezi mingi kabla.

La sita ni watu. Wavuvi wanajua ni wapi nyavu hutandazwa, upepo hubadilika saa ngapi, na maji hugeuka rangi lini. Boya la utafiti lililowekwa bila kushauriana na vikundi vya usimamizi wa uvuvi vya ufukweni litanaswa na wavu, au litachukuliwa na mtu asiyejua thamani yake. Humo humo katika mpango huamuliwa nani ataandika na kumbukumbu zitahifadhiwa wapi. Chupa isiyo na lebo ni maji tu.

Safari zilizotangulia zimetufundisha nini

Utoboaji wa 2005 ulifika mita 380 chini ya kitako cha ziwa, na kutoa kumbukumbu ya zaidi ya miaka milioni moja. Ilionekana kwamba kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita, ukame mkali ulilishusha ziwa hili kwa takriban mita 600 na kuliondolea sehemu kubwa mno ya maji yake. Ziwa tunalolidhania la milele limewahi kukaribia kuwa bwawa. Tulilo nalo leo ni zawadi, na zawadi haizoeleki kwa dharau.

Fundisho la pili linagusa meza zetu kwa ukaribu zaidi. Mnamo 1939 joto la maji ya vilindini lilipimwa kwa uangalifu. Vipimo vya mwishoni mwa karne ya 20 vilipolinganishwa na vile vya zamani, ilionekana kwamba maji yaliyo chini ya mita 300 yameongezeka joto kwa takriban nyuzi 0.7. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba maji ya baridi ya juu, ambayo zamani yalizama wakati wa kipupwe, sasa huzama kidogo zaidi.

Nyuzi 0.7 zaonekana si kitu. Lakini maji ya juu yakizidi kuwa ya moto huwa mepesi na kukaa juu kama mafuta juu ya mchuzi, upepo hushindwa kuyachanganya na ya chini, na virutubisho hubaki vilindini. Katika Ziwa Tanganyika, ambalo lina maumbile yanayofanana na ya Nyasa, watafiti walitoa ushahidi mwaka 2003 kwamba ongezeko la joto lilikuwa limepunguza ustawi wa mimea midogo kwa takriban asilimia 20, na mimea hiyo ndiyo chanzo cha chakula cha samaki wote. Kwa hiyo kipimo cha joto si anasa ya wasomi. Kinamhusu mama anayeanika usipa ufukweni ili apate karo ya mtoto, na mgonjwa wa mlimani ambaye dagaa ndio kitoweo pekee anachoweza kununua.

Tuzingatie pia kwamba mabadiliko haya yalijulikana kwa sababu kuna mtu alipima 1939 na kuandika vizuri. Hakujua nani angekuja kuzitumia namba zake. Alipanda, na wengine wakavuna.

Wajibu wetu

Wajibu wa kwanza ni kutolifanya ziwa kisingizio. Mtu anaweza kusema kwamba kwa kuwa bahari na maziwa huimeza kaboni, basi tuchome tu. Tope la chini ya Nyasa huongezeka kwa takriban milimita moja kwa mwaka, au pungufu yake. Ziwa huzika polepole, sisi hufukua kwa haraka. Bahari nayo hulipa gharama, kwa kuwa hewa ukaa inayoyeyuka ndani yake huongeza asidi na kuwadhuru viumbe wenye magamba na matumbawe. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko alitufundisha katika Waraka wake wa Kitume Laudato si', wa mwaka 2015, kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitengani, na mwaka 2023 akarudia onyo hilo katika Laudate Deum. Vijana wetu wanaofanya kazi halali migodini hawahukumiwi hapa. Swali linatuelekea sote, hasa wenye mamlaka ya kupanga: faida ya leo inatumika vipi kuandaa nishati na ajira za kesho?

Wajibu wa pili ni haki katika maarifa. Watafiti wanapokuja tuwapokee kwa ukarimu, na tuwaulize kwa adabu mambo matatu: swali lao ni lipi, sampuli na kumbukumbu zitabaki wapi, na matokeo yatarudi kijijini lini, kwa Kiswahili. Mvuvi aliyewaonyesha njia anastahili kutambuliwa mchango wake. Safari nyingi za utafiti huja na mradi na kuondoka na mradi. Ziwa linahitaji kipimo kisichokatika.

Wajibu wa tatu umo ndani ya uwezo wetu. Sahani ya Secchi hutengenezwa kwa kipande cha bati, rangi, kitu kizito na kamba yenye alama. Shule iliyo ufukweni, chini ya mwalimu na mvuvi mzoefu, kila mmoja akiwa amevaa jaketi la kuokolea, yaweza kupima mahali palepale kila wiki na kuandika katika daftari moja. Baada ya miaka kumi daftari hilo litakuwa hazina ambayo mtafiti yeyote angetamani kuwa nayo. Kwa wakulima wa milimani, kutunza ngoro na miti ya kingo za mito ni kuzuia udongo usiishie ziwani. Mkulima na mvuvi wa jimbo hili wanakula katika sahani moja, hata kama hawajawahi kuonana.

Katika Kipindi cha Kazi ya Uumbaji, kinachoanza tarehe 1 Septemba hadi tarehe 4 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Assisi, jumuiya ndogondogo zinaweza kutafakari maswali haya. Je, wazee wetu wanakumbuka ziwa au mto wetu ulikuwaje walipokuwa vijana, na kuna aliyeandika wanayokumbuka? Nini kinatoka katika mashamba na makazi yetu kuingia majini? Nani katika jumuiya yetu, kijana au mwalimu, anaweza kupewa daftari na kuanza kuandika mwezi huu? Majibu yapelekwe kwa Paroko na katika Halmashauri ya Walei, ili parokia za ufukweni na za mlimani zipange pamoja.